Bango la Jovelyn

Jumamosi asubuhi Crispulo alipanda ngazi akakaza waya za bango getini. Lilikuwa refu kupita lango lenyewe: binti yake Jovelyn ndani ya sare nyeupe, meno yote nje, na maandishi mekundu, HONGERA MUUGUZI WETU. Hapa Iloilo, Ufilipino, bango la namna hiyo hutundikwa mtoto akishafaulu mtihani wa leseni. Jovelyn alikuwa mwaka wa pili. Crispulo na kiherehere chake hakuweza kungoja.

Jikoni, Jovelyn, aliyekuja nyumbani kwa wikiendi, alikoroga kahawa iliyokwisha kupoa. Mguu ulimcheza chini ya meza. Akazima feni, akaiwasha, akaizima tena.

"Tulia basi, unanitia kizunguzungu," alisema mama yake, Melinda, huku akikaanga samaki wakavu.

"Mama, silali. Nimekwenda kwa mshauri wa chuo. Ameniambia nipumzike muhula mmoja, na niongee na nyinyi."

"Mshauri? Kuna aliyekuona ukiingia?"

"Mama!"

"Na bango je? Tulishushe, watu tuwaambie nini? Kula, mwanangu. Njaa hiyo. Na simu."

Jovelyn hakula. Alitoka, akapanda ngazi ambayo baba yake alikuwa ameiacha pale. Yule wa kwenye bango akateremka, akampisha Jovelyn akae mahali pake. Kisha huyo wa bango akaingia jikoni, akanawa mikono, akamaliza samaki na kuomba wali zaidi. Alinuka wino, na ukimtazama ubavuni alikuwa mwembamba kama karatasi. Melinda alimwongezea wali.

Jumatatu yule wa bango akaenda chuoni na vitabu vya Jovelyn, akafaulu kila jaribio. Jovelyn alibaki juu, upepo ukimpeperusha huku na huku, na hata pale usingizi haukuja. Jirani yao, Nang Tasing, alipita na kapu la mboga.

"Wee binti, jinyooshe. Umejikunja huko kwenye kona ya chini."

Mshauri naye akaja, jasho likimtoka. Chuo kizima kinamtegemea yeye peke yake. Wazazi wakamketisha sebuleni, wakamwita yule wa bango.

"Huyu hapa, mzima kama unavyomwona," Crispulo alisema.

"Mimi nimemfuata yule wa getini."

"Lile bango tu, mwalimu. Kunywa soda."

Mshauri alikunywa nusu. Akaenda kusimama chini ya lango, akaongea na Jovelyn mpaka wanafunzi wengine walipoanza kumpigia simu. Inauma kusema, lakini ndiye peke yake aliyekuwa amemuuliza hali yake.

Jumapili jioni mvua ikanyesha. Melinda hakuvumilia, maana alimpenda mwanawe kuliko roho yake. Alitoka na mwavuli, akapanda ngazi, akamfunika. Akamfuta macho kwa upindo wa gauni.

"Nishushe, Mama," Jovelyn alisema.

Watu walikuwa wakitoka kanisani, wengine wameinua nyuso kutazama.

"Tabasamu kwanza," Melinda alinong'ona. "Wanapita."