Programu Iliyoomba Ruhusa

Ambilikile alifika Jumamosi saa nne asubuhi kuchukua cherehani ya marehemu mama yake. Hakubisha hodi. Miezi saba ilikuwa imepita tangu ahamie Ikolo kwa mwanamke mwingine, lakini bado aliingia nyumba ile ya Kyela mjini kama mwenye nyumba.

Mkewe Damaris, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa mbele ya kompyuta. Hakugeuka.

"Cherehani iko chumbani. Chukua uende."

"Unafanya nini na hiyo mashine?"

"Naweka fayawoli."

Mwaka huo wa 2005 waliokuwa na intaneti nyumbani pale mjini walikuwa wachache, na ya Damaris ilipitia waya wa simu. Kwa wiki mbili, kila alipounganisha, kompyuta ilijizima yenyewe. Rafiki yake wa Mbeya akamtumia diski kwa basi, pamoja na karatasi ya maelekezo. Fayawoli, karatasi ilisema, ni ulinzi unaomzuia mtu wa nje kuingia kwenye kompyuta yako mpaka wewe ukubali.

"Utaiharibu," Ambilikile alisema. "Sogea nikuwekee."

"Uliiacha. Niachie."

"Niliinunua mimi, Mama Asifiwe! Huyo Jovina wako anajua nini?"

Damaris akageuka kumtazama. Rafiki huyo aliitwa Jovina kweli, lakini walifahamiana kwenye semina, Ambilikile akiwa ameshaondoka. Hakuwahi kumtajia mtu yeyote Kyela. Jina hilo lilikuwa kwenye barua pepe zake tu.

Alimalizia kuweka fayawoli. Kompyuta ilipowaka upya, alihakikisha ulinzi umewashwa, kisha akaunganisha simu. Modemu ikalia, na papo hapo kisanduku kikatokea kwenye skrini: kuna programu inayotaka kupokea mawasiliano kutoka nje. Izuiwe au iruhusiwe? Jina la programu hiyo alikuwa halijui.

Mkono wa Ambilikile ukarukia mausi. "Iruhusu. Ni ya kompyuta yenyewe."

Damaris akamkamata kifundo cha mkono. "Ukigusa, napiga kelele mtaa mzima usikie."

"Umechanganyikiwa."

"Jovina umemjulia wapi? Na siku ile nilipokwenda kwa wakili, ulijuaje mpaka ukanitangulia?"

"Nina haki ya kujua unapanga nini juu ya nyumba yangu!"

Basi alikuwa amekiri. Damaris akabonyeza kuzuia.

Ambilikile alipiga kiti teke, akabeba cherehani. "Tutaonana mahakamani."

"Tutaonana. Huko utayasikia maneno yangu kwa masikio yako, mwizi wewe."

Jumatatu Damaris aliibeba kompyuta kwa basi hadi Mbeya. Fundi aliikuta programu ile: ilimwezesha mtu wa nje kuchungulia barua zake. Alimweleza kwamba kuizuia hakutoshi, kwa sababu tayari ilikuwa ndani. Ilibidi kila kitu kifutwe. Mitihani ya darasa la sita ikapotea, na picha za ubatizo wa mtoto wao Asifiwe pia. Njia nzima ya kurudi alizililia picha zile.

Kesi ya nyumba ilichukua mwaka mzima, Damaris akashinda. Ambilikile hakuwahi kuomba radhi. Wakikutana sokoni humpita bila hata salamu, na Damaris haoni cha kujutia.