Makubazi ya Jumapili

Mguu wangu wa kushoto uliganda Jumapili ya pili ya Januari, kati ya nyumba yetu na kanisa, kwa sababu nilivaa makubazi. Hakuna aliyenilazimisha.

Tulikuwa na miezi mitano tu Anchorage. Nilitoka Leone, kijiji cha kisiwa cha Tutuila huko Samoa, nikiwa na miaka arobaini na saba. Shule niliiacha mapema, na barafu nilikuwa sijaiona nje ya friji. Lafoga, kaka wa mke wangu Fuatino, ndiye aliyenitafutia kazi ya kupasua samaki kiwandani. Yeye ana miaka kumi na tisa Alaska, na hachoki kukukumbusha.

Jumapili hiyo nilikuwa nasimikwa ushemasi. Kwetu mwanamume hasimikwi akiwa na suruali. Anafunga lavalava, shuka ya kiunoni kama kikoi, ile ya kushonwa yenye mifuko, anavaa shati jeupe na tai, na miguuni makubazi. Baba yangu alisimikwa hivyo. Mama alikuwa Leone akisubiri picha.

Jumamosi mchana Lafoga alinikuta nikipiga pasi.

"Shemeji, kesho vaa suruali na mabuti. Lavalava itie kwenye mfuko, utabadilisha chooni kanisani. Sote ndivyo tunavyofanya."

"Yaani niende kwa Mungu na mfuko wa plastiki, nikavalie chooni?"

"Mungu anajua baridi ya huku. Ndiye aliyeileta."

"Wewe umeshakuwa mzungu."

"Mzungu mwenye vidole kumi," akasema, akachukua ndizi ya mwisho sufuriani akaenda zake.

Soketi ya chumbani ilikuwa mbovu, kwa hiyo nilikuwa nimevuta eksitensheni ya gari. Huku magari hulala yamechomekwa kwenye umeme ili injini isigande. Nilipomaliza kupiga pasi niliitundika lavalava, nikauviringisha waya vizuri, nikauweka kabatini. Ndivyo nilivyolelewa: kitu ukikitumia, unakirudisha ndani.

Asubuhi Fuatino aliondoka mapema na Lafoga kwenda kupika chakula cha baada ya ibada. Nilipotoka mimi, gari halikuwaka. Halikukohoa hata kidogo. Ilikuwa nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.

Ningeweza kumpigia Lafoga simu. Nilijua atakachosema, na kwamba angekisema mbele ya wote jikoni. Ningeweza pia kurudi ndani nikavae mabuti. Nikatembea.

Kutoka kwetu hadi kanisani ni dakika ishirini na tano. Mwanzo vidole viliuma kama vimebanwa na mlango. Penye kona nilikosea njia, nikauzamisha mguu wa kushoto kwenye theluji laini mpaka kifundoni, na theluji ikajaa chini ya kanda za kubazi. Niliikung'uta nikaendelea. Nilipofika kituo cha mafuta, mguu wa kulia ulikuwa bado unauma lakini wa kushoto ulikuwa umenyamaza. Nikamshukuru Mungu, tena kwa sauti.

Nilisimikwa. Nilisoma kiapo bila kukwama. Picha ilipigwa, na ni picha nzuri.

Baada ya ibada nilikaa ukumbini karibu na hita. Mama Lolenese alikuwa akipita na sahani zake. Huyu ni bibi wa miaka themanini, na nusu ya Wasamoa wa mji huu wamepita mikononi mwake kwa kukandwa: migongo, mimba, watoto wasiolala.

"Wewe shemasi, mguu huu mbona mweupe kama mshumaa?"

"Umelala tu, mama."

"Haulali hivyo. Lete hapa."

Akaketi sakafuni, akatoa chupa ya mafuta ya nazi kwenye mkoba, akaanza kusugua. Alisugua kwa vidole gumba, kwa nguvu, kama bibi yangu alivyokuwa akinisugua nilipoanguka mnazini utotoni.

"Damu imelala. Inataka kuamshwa."

"Kaza, mama," nikamwambia. Mimi mwenyewe nilisema hivyo.

Lafoga alitoka jikoni amebeba trei ya magimbi. Aliona, akaiacha trei mezani kwa kishindo.

"Mama, acha! Nyama iliyoganda haisuguliwi!"

"Kijana, unanifundisha mimi kukanda?" Lafoga ana miaka hamsini na mbili.

"Nisamehe, mama. Sikufundishi. Inua mikono tu, nakuomba."

Akainua mikono, lakini kwa hasira. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuchubuka. Lafoga aliuzungushia mguu kitambaa cha meza, akanibeba mgongoni mpaka garini. Njia nzima hakunitania hata mara moja, na hapo ndipo nilipoogopa.

Daktari alisema kidole kidogo kingeenda kwa vyovyote. Viwili vinavyofuata pengine vingepona. Barafu inakuwa ndani ya nyama, alisema, na ukisugua inakata kama vioo.

"Nani aliusugua?"

"Mimi," nikasema.

Lafoga aliangalia dirishani.

Mama Lolenese alikuja kunitazama nyumbani na samaki wa kuchemsha kwa tui. Aliushika mguu uliofungwa bandeji, akatikisa kichwa.

"Shemeji yako angenikataza mapema, wangekukata mguu mzima."

"Kweli, mama. Asante."

Fuatino aliondoka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Sasa Jumapili naenda na mabuti, nabeba mfuko, navalia chooni pamoja na wenzangu. Tunagongana viwiko mle ndani na kucheka. Eksitensheni haitoki kwenye gari mpaka Mei.

Ilichogharimu ni hiki. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto. Wiki tisa bila kazi. Nafasi yangu kwenye meza ya visu, maana siwezi tena kusimama saa kumi mfululizo. Siku hizi nakunja maboksi nikiwa nimekaa. Na mambo mawili ambayo sijayasema: mama yangu Leone hajui kilichoupata mguu uliomo kwenye picha aliyoitundika ukutani, na Mama Lolenese hajui habari ya vidole viwili.