Mstari ni Mstari

Letisia alikuwa mtoto Cosmas, mpima ardhi, alipovuta kamba ya mpaka pale Magole, na nyumba ya mama yake ikaangukia upande mbaya kwa hatua moja. Mama alipiga magoti matopeni. Cosmas alikung'uta mikono akasema, "Mstari ni mstari." Nyumba ikavunjwa huku mvua inanyesha. Aliyewapokea ni Nkoile, mama wa Kimaasai mwenye ng'ombe wachache, akawapisha ngozi yake ya kulalia. Mama alikufa kwa kichomi juu ya ngozi hiyo. Tangu siku ile Letisia alimchukia Cosmas, na chuki hiyo aliitunza vizuri.

Milima haikutani, binadamu hukutana. Letisia alikuja kuwa mchora ramani katika kampuni ndogo mjini Kilosa, na Cosmas akajenga nyumba ya wageni Mikumi, kando ya mto.

Ikaja kazi ya ramani ya mafuriko. Kompyuta haikusema hapa salama, hapa hatari. Kila kipande cha ardhi ilikipa kadiri yake ya hatari, kati ya sifuri na moja, rangi ikififia taratibu kama maziwa ndani ya chai. Lakini tingatinga halijui kufifia. Lazima mtu aseme wanabomolewa wa kuanzia kadiri gani, na mtu huyo alikuwa Letisia. Wenzake walipendekeza nukta saba. Nyumba ya Cosmas ilisoma nukta sita.

Akashusha hadi nukta sita. Kabla ya hapo alikuwa ameiagiza akili mnemba ipekue picha za droni, imwambie nani mwingine ataguswa. Ikajibu: paa moja tu, la Cosmas. Alicheka peke yake ofisini.

Cosmas alikuja, kofia mkononi.

"Mwanangu, kule maji huja kidogo tu. Hata ramani yako inasema hivyo. Nihurumie."

"Mstari ni mstari, mzee."

Maneno hayo yalikuwa matamu mdomoni.

Siku ya kubomoa alivaa gauni lake la kuendea harusini, akapanda basi hadi Mikumi, akasimama mahali Cosmas atamwona. Kuta zilianguka, mzee akalia, Letisia akashiba.

Kisha tingatinga likageuka, likaelekea nyuma ya vichaka. Kulikuwa na boma huko, nyumba fupi zilizokandikwa kwa samadi, rangi moja na ardhi yake. Akili mnemba ilifundishwa kutambua mabati. Hizi haikuzihesabu kuwa nyumba.

Bibi mmoja alikuwa anakunja ngozi ya kulalia. Letisia alimjua kabla hajageuka.

"Shikamoo, yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Marahaba, mwanangu Letisia." Nkoile alimshika kichwa kwa mikono miwili. "Majani ya Magole yalikwisha, tukahamia huku. Sasa wanasema mstari umepita hapa. Wewe umesoma. Nenda ukamwombe huyo aliyeuchora."

Letisia alipokea ngozi ile, akabaki ameikumbatia.