Kikohozi cha Kibwana

Mwanakheri alikuwa uani kwake Rudewa, akipepeta mchele, aliposikia mumewe anakohoa. Hakuinua kichwa mara moja. Kilikuwa kikohozi kile kile: viwili vifupi, kimya kidogo, kisha kimoja kirefu kilichoishia na jina lake, "Mwana", kama Kibwana alivyozoea kumwita pumzi ikimrudia. Kibwana alikuwa ameshazikwa, na mjane wake alikuwa bado ndani ya eda. Alimaliza ungo ule, akageuka. Aliyekohoa alikuwa beberu wao.

Beberu huyo alilala miguuni pa mgonjwa muda wote wa kuugua kwake na kumalizia uji wake, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kuuliza kikohozi kimepitia wapi. Mwanzoni hakukiweza. Kilimtoka vipande vipande, akayumba nacho kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Baadaye kikamkaa. Watoto waliotoka madrasa walimwamkia, "Shikamoo babu," naye akaendelea kutafuna. Shehe aliulizwa kama inafaa beberu wa namna hiyo alale chumba kimoja na mwanamke aliye kwenye eda. Akafikiri sana, akasema mbuzi ni mbuzi.

Majirani walimshauri Mwanakheri amuue beberu mapema na kumfukia. Mwanakheri hakuwa mjinga, alijua mnyama mgonjwa hakai chumbani na watu. Lakini nani angemtoa nje mumewe anayemwita kwa jina? Akamtandikia gunia kando ya kitanda alicholala yeye na mjukuu wake Sikudhani, mtoto pekee aliyebaki katika nyumba ile, akampikia uji. Jambo moja tu lilimuuma. Kibwana alikuwa hakohoi bila kuomba maji, na sasa kikohozi hakikuomba. Mbuzi hana haja na mazoea hayo, na kikohozi kilikuwa kikitupa kila kisichokifaa huko kilikohamia.

Beberu alipokufa, kikohozi kilikuwa tayari kimevuka kwa ng'ombe wa Casmir na mkewe Limi, Wasukuma waliohamia na kundi lao, ambao ng'ombe wao walinywa maji ya lambo moja na mbuzi wa kijiji. Mwaka ule wakulima na wafugaji walikuwa hawasalimiani vizuri kwa sababu ya mahindi yaliyolishwa mifugo. Eda ilipokwisha Mwanakheri alikwenda kwao hivyo hivyo, akaingia zizini. Limi akampa kigoda.

"Ni mzee wako, mama?"

"Ndiye. Ila amekuwa mzito."

"Kaa naye tu," Limi akasema, akaendelea kukamua.

Kwa ng'ombe jina lilikuwa limebaki nusu, "Mwa", na hata hilo ilibidi mtu atege sikio. Casmir alikuwa na chupa ya dawa ya sindano aliyoinunua Kilosa mjini. Alichoma kundi zima kwa kukisia, wanaoumwa na wazima, na kila alipochoma, kikohozi kilijibanza pembeni kikiichunguza ile dawa. Kiliporudi hakikuitambua kuwa ni adui. Casmir akanunua ya rangi nyingine, kikajifunza na hiyo. Mwanakheri aliyaona yote akiwa kwenye kigoda chake, lakini mgeni hamfundishi mwenyeji kutunza mifugo. Jioni Limi alimfungia maziwa mabichi ya kumpelekea mjukuu. Kuyakataa kungekuwa kurudisha ugomvi wa mahindi, naye akayapokea kwa mikono miwili.

Kiangazi Casmir alisogeza kundi mpaka ukingoni mwa hifadhi. Haikupita muda, abiria wa basi la Mikumi wakaleta habari kwamba nyati mmoja kando ya lami anakohoa kama marehemu Kibwana, ila haiti mtu. Hiyo ndiyo iliyomtoa Mwanakheri nyumbani. Alipanda bodaboda hadi Kilosa, kwa daktari wa mifugo, binti mmoja aitwaye Hildegarda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya mume wangu."

Hildegarda alimsikiliza. Kikohozi alikifahamu, alikuwa akinunua mchele kwa Kibwana. "Nyati ni wa watu wa hifadhi, bibi," akasema. "Na mzee alikuwa wa hospitali. Wangu mimi ni ng'ombe tu, tena nikipata mafuta ya pikipiki." Hospitali wakamwambia alete mgonjwa. Hifadhi walipokea simu, wakampa pole ya msiba. Kila alikokwenda alipewa kiti, na kila aliyempa kiti alisema kweli. Kikohozi kilikuwa kimepita kwao wote, lakini hakikuwa cha ofisi yoyote. Akarudi Rudewa amechoka.

Sikudhani alianza kukohoa wakati wa kupalilia. Mwanakheri alimbeba siku hiyo hiyo. Hospitali walimlaza, wakamwanzishia dawa nzuri, na Sikudhani aliimeza bila kudeka, lakini kikohozi kilikuwa kimeshazoeana nayo zizini kwa Casmir. Mtoto akazidi kukonda. Bibi yake alimtazama na kifua kikamjaa hasira, kwanza kwa Casmir, kisha kwa yule beberu, mwishowe kwake mwenyewe.

Mchana mmoja aliinama karibu na kifua cha mtoto. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageukia ukutani, wasisikilize mambo ya mke na mume.

"Kibwana," akasema, "mwache mtoto. Ni mimi, Mwana."

Kikohozi kikatulia. Akangoja akiwa na matumaini, maana Kibwana hakuwahi kumkatalia jambo mbele ya watu. Kisha vikaja viwili vifupi, kimya kidogo, na kile kirefu, kikaisha hakijataja jina la mtu. Hapo Mwanakheri akaogopa. Alikuwa amekipikia uji, amekaa nacho zizini, na hakikumjua.

Muuguzi alipopita kugawa dawa alimwuliza kama nyumbani yupo mwingine anayekohoa. Mwanakheri akamweleza habari za mumewe, beberu, ng'ombe wa Casmir na nyati wa Mikumi. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mimi nauliza watu walio hai, bibi."

"Basi hakuna mwingine," akajibu Mwanakheri, akamfuta mtoto jasho.