Upande wa Kulia

Mimi Lorine ndiye niliyeandika kwamba Mathews Wakhisi amehamia upande wa serikali. Tena niliandika kwa madaha. Sisi tunaohariri kamusi elezo ya mtandaoni kwa kujitolea tuna neno moja tu: chanzo. Huna chanzo, maneno yako yanafutwa. Mimi nilikuwa nacho, habari ya gazeti yenye maneno ya mwenyewe. Mwanahabari alimuuliza mazishini kule Port Victoria, mazishi ya nani gazeti halikusema wala sikujali, "Mheshimiwa, siku hizi uko upande gani?" Akajibu, "Mimi leo niko upande wa kulia."

Basi! Katika bunge la kaunti, watu wa serikali huketi kulia kwa Spika. Na wanasiasa wetu si hutangazia kila kitu mazishini? Nikaandika, nikabandika chanzo chini ya ukurasa, nikalala fofofo hapa kwangu Manyatta.

Wakhisi ni mwakilishi wadi, mtu wa upinzani miaka yote, na mchujo wa chama ulikuwa umekaribia. Watu wakapiga picha maneno yangu, wakayasambaza. Alipokwenda kuomba kura akazomewa, "Msaliti! Rudi kwa wenzako!" Nikacheka. Ala, si amejitakia?

Jana nikatumiwa video ya yale mazishi. Wakhisi ameshika jeneza, sauti imemkauka. "Mimi leo niko upande wa kulia, bwana. Niache nimlilie mtoto wangu."

Kulia kwa machozi! Mungu wangu, na Kiswahili nimekisomea hadi chuo kikuu. Mjinga mkubwa mimi.

Nikayafuta maneno yangu mbio mbio. Mhariri mwenzangu Dishon, niliyemfundisha kazi mwenyewe, akayarudisha. "Lorine, aki, video ya WhatsApp ni chanzo? Si wewe ulinifunza haihesabiki?" Nikamsihi, wapi. Nikaliandikia gazeti lirekebishe, nalo halikujibu.

Leo nimekwenda Port Victoria. Nimemkuta Wakhisi amekaa peke yake kibarazani, nikamweleza yote.

"Mzee, nisamehe. Ita wanahabari useme ukweli, nipate cha kunukuu kabla ya mchujo."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Mchujo wauchukue tu," akasema. "Siku ile mama ya mtoto alizirai, hakusikia nilichosema. Amekuja kusoma ulichoandika wewe. Akaniuliza, 'Kweli Baba Wandera, ulisimama kwenye jeneza la mtoto wetu ukatangaza siasa?' Nikaapa sikufanya hivyo."

Nikamuuliza mama yuko wapi, nimwombe msamaha.

"Amerudi kwao. Aliniambia, 'Unaapa nini, na imeandikwa, hata gazeti limewekwa pale chini?'"