Kwa Masharti ya Heshima

Binti yangu Merrilee aliingia jeshini akiwa na miaka kumi na minane ili aje kusomea unesi. Hapakuwa na sababu nyingine, na mtu akikuletea habari za bendera, mlete kwangu. Kwetu Kansas mtoto wa fundi bomba huenda chuo kwa njia tatu: awe na akili za ajabu, acheze mpira, au avae gwanda. Merrilee hakujaliwa zile mbili za kwanza. Mkataba ulikuwa miaka minne, halafu serikali imlipie chuo, karo na chumba.

Alifikisha miaka mitatu na miezi minne. Aliumia nyonga mazoezini kule Texas, ikapona vibaya, akaanguka mtihani wa kukimbia mara mbili. Mei akanipigia simu.

"Mama, wananitoa. Naweza kutia sahihi leo niondoke wiki ijayo, au niandike barua ya kupinga, nisubiri."

"Usubiri mpaka lini?"

"Hawasemi. Sajenti wangu anasema nipinge."

"Si ndiye aliyekukimbiza na nyonga mbovu?"

"Huyo huyo."

"Sasa ushauri wake wa nini? Nisomee kilichoandikwa."

Akasoma: "Kuachishwa kwa kawaida, kwa masharti ya heshima."

"Heshima imo?"

"Imo."

"Basi tia sahihi, urudi nyumbani. Masomo yanaanza Agosti. Acha kuhangaika na watu wasiokutaka."

Nina diploma ya uendeshaji wa ofisi, na huu ni mwaka wa kumi na tisa nasimamia ofisi ya daktari wa meno. Kutwa nasoma fomu za bima. Majirani huniletea karatasi zao niwaeleze zinasema nini. Jeshini kuna wanasheria wa bure kwa mambo kama haya. Sikumwambia Merrilee awaone, maana sikuona cha kuwauliza.

Chuo kilimpa nafasi ya unesi. Wiki mbili kabla ya masomo tukaenda ofisi yao ya wanajeshi wa zamani kukamilisha malipo. Aliyetupokea, Bwana Voight, alikuwa askari mstaafu mwenye kikombe cha kahawa kisichoisha. Akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Nani alikushauri utie sahihi hapa, binti?"

Nilifungua mdomo. Merrilee akaniwahi.

"Niliamua mwenyewe, bwana."

Bwana Voight akashusha pumzi. "Kuna 'kwa heshima', na kuna 'kwa masharti ya heshima'. Hii yako inakupa hospitali. Ukifa inakupa kaburi la jeshi. Chuo haikupi. Chuo ni kwa ile ya kwanza tu."

"Neno si ni lile lile?" nikasema.

"Ndiyo, mama. Kila muhula naletewa karatasi kama hii, na mzazi kando yake."

"Kwa hiyo kaburi watalipia, darasa hapana?"

"Sikuitunga mimi."

"Na rufaa?"

"Ipo. Mwaka mmoja, labda miwili. Angepinga kabla ya sahihi ingekuwa rahisi."

Nje, kwenye maegesho, nilikuwa tayari nimeshapanga kila kitu. Nikamwambia nitamwandikia mbunge, nitampigia yule sajenti, nitamtafuta daktari aandike juu ya nyonga. Nilikuwa naorodhesha kwa vidole. Merrilee alisimama upande wa pili wa gari, mkono kwenye mlango.

"Mama."

"Nini?"

"Usinisaidie tena."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nikaendesha mpaka nyumbani, maili arobaini.

Chuo kilitaka jibu mwisho wa wiki, ama alipe mwenyewe ama aachie nafasi. Ijumaa alitoka na simu uani kuwaambia anaiachia, akasimama karibu na mapipa ya taka. Kupitia dirisha la jikoni niliona mgongo umenyooka, kichwa kinaitikia, kinaitikia tena. Hakuchukua dakika tatu.

"Wamesemaje?" nikamuuliza alipoingia.

"Wamenishukuru kwa kulitumikia taifa."

Jumatatu akaanza kazi kiwanda cha nyama, zamu ya alfajiri. Ni kazi ya kusimama kwa muda wa saa nane mfululizo, na nyonga ile ile.