Mluzi wa Zacharia

Tangu serikali iwahamishe kwa nguvu kutoka Murera, mwaka wa hamsini na tano, na kuwatia katika kijiji cha Hali ya Hatari nje ya Ruiru, wasiwalishe wapiganaji wa msituni, Zacharia alikuwa mtu wa kukaa tu. Mizinga yake ya nyuki ilichomwa pamoja na nyumba. Alikula alichopewa, akanyamaza. Mkewe, Wakonyo, alikuwa keshamlilia kama maiti, na maiti mwenyewe yupo, anakunywa uji!

Ndipo akaja Jeconia, mwalimu wa misheni, kijana Mjaluo aliyependa ndege kuliko alivyopenda kuoa. Alitaka walimu wenzake wawili waje kutoka Thika wakati wa Pasaka, wakatazame ndege kando ya mto. Hoteli zilikuwa za wazungu. Basi wangelala sakafuni kwake na kula githeri ya Wakonyo, mahindi na maharagwe.

"Kilichobaki ni mtu wa kutuongoza, mama."

"Kiongozi ni mlembe," Zacharia akasema kutoka kwenye kigoda chake.

Sufuria nusura imtoke Wakonyo mkononi. Zacharia kasema! Tena akaendelea: mlembe ni kandege ka kijivu. Ukimpigia mluzi, naye hukujibu, kisha hukutangulia mti kwa mti hadi kwenye asali. "Lakini umwachie sega lake. Ukimdhulumu, siku nyingine atakupeleka kwa nyoka."

Kuanzia hapo akawa mtu tena. Alinyoa ndevu, akamtania mkewe kwamba githeri yake itawafukuza wageni. Wakonyo alimwendea chifu mwenyewe kuomba pasi ya mumewe ya kutoka kijijini, akatukanwa, akatabasamu. Akaazima blanketi. Akaomba kipande cha sega kwa jirani, wageni waonje. Alifikiria yote, maskini, isipokuwa mluzi. Na nani angeufikiria? Mrina asali hupiga mluzi kama mpishi anavyopuliza moto.

Alhamisi asubuhi Zacharia alitangulia mtoni kuona kama ndege bado wapo, pasi mfukoni. Wakonyo alikuwa anamenya viazi aliposikia bunduki.

Askari homugadi aliyeleta habari alikuwa kijana wa Murera, mtoto aliyemjua tangu yuko mgongoni, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Tulisikia mluzi kichakani, mama. Halafu mwingine akamjibu. Tukajua ni watu wa msituni wanaitana."

"Huyo aliyejibu, mlimwona?"

"Hapana. Alitoroka. Majani ya mti tu yalitikisika, kule juu."

"Juu," Wakonyo akasema. "Ngai! Juu ya mti!"

Baada ya maziko Jeconia alikuja peke yake, analia kama mtoto. "Ni mimi niliyemuua, mama." Wakonyo akamwambia anyamaze, kwamba yeye ndiye aliyeiomba ile pasi. Wakalia pamoja.

Jumatatu wanawake walipelekwa mtoni kuchota maji, askari nyuma yao. Kandege ka kijivu kakatua karibu, kakapiga kelele, kakarukia mti wa pili, kakarudi kuangalia kama kuna anayekafuata. Wanawake wengine wakapita. Wakonyo akatua mtungi, akafungua fundo la kanga, akatoa lile sega la wageni na kuliweka juu ya jiwe.

"Haya, kula, ni haki yako," akasema. "Lakini usimwite tena."